Ndege Tusiyoifungua

Niliinywa kahawa ya mjomba wangu. Bora niliseme mwanzo, kabla hamjaanza kunipenda, maana watu hunipenda upesi kwa ajili ya upuuzi wangu, na baadaye kuwaondosha huwa kazi. Ilikuwa finjani ndogo, ya mafunda mawili, na ilishapoa. Niliinywa kwa mzaha, nikaitikisa kama wanavyotikisa watu wazima wakishakinai, nikairudisha palepale mbele ya goti lake. Mizaha yangu mingine nimeilipa kwa kusimama nje ya darasa au kuosha gari la mwalimu. Huu bado naulipa, na sijui nani wa kunambia umekwisha.

Jana mama alikifungua chumba cha Mjomba Nassor. Ni chumba cha juu, mwisho wa ukumbi, nyumbani kwetu Al Khoudh. Dirisha lake linatazama tangi la maji la jirani, na nyuma ya tangi milima, na mjomba akisema hiyo ndiyo mandhari ya bei nafuu kuliko zote Maskati. Nguo zake zilishatolewa sadaka zamani. Kilichobaki kilikuwa vumbi, harufu ya udi iliyogoma kutoka kwenye pazia, na sanduku la zana chini ya kitanda. Mama akatoa bisibisi, tochi, vitambaa vya mafuta, akavipanga sakafuni kama anayepanga vyombo vya harusi. Halafu akatoa kile kioo kidogo cha mviringo kilichofungwa kwenye kijiti cha chuma, kama cha daktari wa meno lakini kipana zaidi, akakishika mbele ya uso wake, akakaa nacho. Mimi ulimi wangu hauna adabu hata msibani, ulitaka kusema, "Mama, jino lipi?" Sikusema. Kwa anayenijua, hiyo peke yake inatosha kueleza mwaka ule wa ndege ulinifanya nini.

Kioo kile kilikuwa jicho la tatu la mjomba. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mitambo ya viyoyozi ya majumba makubwa, na fundi wa viyoyozi Maskati hapati likizo mpaka baridi ije, na baridi haiji. Ijumaa zake alizimalizia kwenye kiwanja kidogo nje ya mji, akirusha ndege za wenzake, zile nyepesi za watu wawili ambazo mimi nikiziita pikipiki zilizopotea njia. Mwaka ule, mimi niko darasa la kumi na moja, akaamua kununua yake. Iliyotumika, kwa sababu mpya ni za watu wengine. Kila alipokwenda kutazama moja alinichukua, wala si kwamba nilikuwa na faida yoyote. Mama ndiye aliyemwambia, "Mchukue huyu Hilali, kabla hajawamaliza walimu wa skuli."

Mama mwenyewe hakuitaka hiyo ndege. Nayajua hayo kwa sababu dirisha la jiko letu linafungukia uani, na uani mimi nna kiti changu cha kusikilizia. Asubuhi moja alikuwa amerudi Matrah na samaki, anamparua, na mjomba amekaa karibu naye anakula mkate wa kumimina kabla haujapoa, anajichoma, anapuliza vidole.

"Nassor, watu wa umri wako wananunua shamba."

"Shamba haliruki, da Zuwena."

"Ndo uzuri wake!" Kisu kikaparua, kikaparua. "Mimi samaki Matrah simchukui mpaka nimfungue shavu. Muuzaji anapiga makelele, ananiapia, ananiita mama, ananiita malkia, mimi namfungua shavu tu. Na huyo nampika, Nassor. Simpandi. Wewe unataka kukipanda kitu."

"Nitakifungua."

"Huruki na kitu hujakiona matumbo."

"Siruki."

"Sema wallahi."

"Wallahi, da Zuwena. Na shavu nitalitazama."

Wakacheka wote wawili. Na mimi uani nikacheka peke yangu, kama punguwani, nimefurahi kuwa ruhusa imetoka.

Ya kwanza tuliyoitazama ilikuwa ya Mzungu mmoja aliyekuwa anarejea kwao. Nyeupe, inang'ara, mpaka unajiona meno. Nikasema, "Mjomba, hii imetuogea." Akasema, "Ndo maana naishuku." Hakuikaribia. Alisimama mbali kwanza, mikono nyuma, anatazama tu inavyosimama, bawa gani limelala kidogo kuliko jenzake. Halafu akaizunguka, akapitisha kiganja chini ya tumbo lake polepole kama mtu anayempapasa punda asiyemjua. Akalala chini na dishdasha lake, kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akaingiza kioo pale mguu wa gurudumu unapoingia mwilini, akaniita. "Unaona nini?" Nikaona bati limejikunja, mikunjo midogo midogo chini ya rangi. "Mikunjo," nikasema. "Kama kitako cha suruali ya mwalimu wetu wa fizikia." Alicheka mpaka kioo kikatikisika. "Ndo hivyohivyo. Suruali hukunjika kwa kukaliwa. Ndege hukunjika hapa kwa kupigishwa chini. Mtu kaitua kama anavyotupa gunia, halafu akaenda kununua rangi." Mzungu akatuonyesha kitabu cha ndege, saa chache alizoruka, kila kitu kimeandikwa vizuri. Mjomba akakisoma kwa heshima, akakirudisha kwa heshima, tukaenda kula mishkaki.

Ndivyo ulivyokwenda mwaka wetu. Ijumaa baada ya Ijumaa, banda hili na lile. Nilimwona akishika ncha ya bawa na kulitikisa huku sikio limeinama, anangojea mgongano ndani. Nilimwona akilizungusha panga la mbele kwa mkono, taratibu, injini imezimwa, anahisi kama kila pumzi ya injini ina nguvu sawa na mwenzake. Alichungulia kila nati kama mstari wa rangi uliopakwa juu yake umekatika, maana ukikatika nati imezunguka. Alimimina petroli kidogo kwenye chupa kuona kama kuna maji chini. Lakini kilichomshughulisha zaidi ya vyote ilikuwa mipira, ile mirija myeusi inayopeleka petroli kwenye injini. Kila ndege alidai kiti king'olewe, kifuniko cha nyuma yake kifunguliwe, akaukunja mpira kwa vidole viwili na kumulika tochi. "Bati likichoka linakuonyesha," alinambia. "Mpira unachoka kimyakimya, na unachoka hata ndege ikiwa imelala. Hasa ikiwa imelala, na joto letu hili. Saa chache si sifa, mjomba." Aliniita mjomba na yeye, kama desturi yetu, na mimi nilijibu kwa sauti ya kizee, na tukawa wajomba wawili tunaozurura katika mabanda ya watu.

Akiruka na ndege ya mwenzake, mimi nilisimama pembeni mwa njia na kujifanya mwongozaji wa ndege kubwa. Nilimpungia mikono kumpa ishara za uongo: simama, rudi, kiatu chako kimedondoka, unywe chai kwanza. Na yeye kila mara, kutoka ndani, alinirudishia ileile ishara, kisha akaenda zake. Huo ulikuwa mchezo wetu. Naueleza kwa sababu kuna mahali utarudi.

Kisha, siku za baridi, tukaitwa na Ami Seif. Ami Seif alikuwa mzee rafiki wa babu yangu, mwenye shamba la ndimu na mitende huko Batina, na katikati ya shamba njia ya udongo ulioshindiliwa, na mwisho wa njia, banda la mabati na ndege ndani yake. Aliirusha mwenyewe mpaka macho yakaanza kumwacha. Tangu hapo ilikuwa imelala. Sasa wanawe walikuwa wanaligeuza shamba, njia ile itapigwa trekta, na mzee hakutaka ndege yake iende kwa mtu asiyemjua.

Majlisi yake ilikuwa ndefu na baridi, kiyoyozi kinanguruma (mjomba alikisikiliza kidogo, akakunja uso), mito ya kuegemea, machungwa, sahani ya halwa inayong'aa samli. "Shikamoo, Ami." "Marhaba, marhaba. Huyu ndo mtoto wa Zuwena? Mbona mrefu hivi, mnamtilia mbolea?" Nikampenda papo hapo. Akatumiminia kahawa mwenyewe, kwa mkono uliokuwa ukitafuta finjani kabla ya kuipata.

Mjomba akaipokea yake, akaiweka chini, hakuigusa. Kwa watu wetu wa zamani hilo ni neno. Mtu akija na haja kwa mtu mzima huiweka kahawa yake chini, na mwenye nyumba akiiona imetua hujua kuwa huyu hakuja kutembea tu. Akikubali humwambia, kunywa, haja yako imepita. Na mgeni akinywa kabla ya kuambiwa, basi ameiacha haja yake mwenyewe, hana tena cha kuomba. Ami Seif aliiona. Waliongea habari za mvua, za wagonjwa, za ndimu zilizoingia ukungu, na finjani ikakaa baina yao kama mtu wa tatu.

"Ami, nna haja," mjomba akasema mwishowe. "Nataka niifungue. Kiti, vifuniko, kila kitu. Nije na fundi wa kiwanjani kwetu, tuitazame vizuri, kabla hatujapeana mkono."

Kumwambia hivyo mzee aliyemshusha baba yako kaburini ni kama kumtaka avue kofia umtazame chawa. Ami Seif akamgeuzia uso. "Nassor," akasema, "ndege hii nimeirusha mimi. Hulijui neno langu?"

"Nalijua, Ami. Ndo maana sijanywa."

Mzee akainamisha kichwa, akawa anavuta tasbihi. Kimya kikaingia, kirefu, na mimi kimya nikikiona kama nyumba inayoungua. Lazima nitupe kitu. Kilichokuwa karibu ni kahawa ya mjomba. Nikajinyoosha, nikaivuta, nikainywa, nikafumba macho kama sheikh aliyeshiba, nikaitikisa finjani, nikairudisha. Nilitaka mjomba acheke tu. Ami Seif akanyanyua kichwa. Macho yake mabovu yakashuka mpaka kwenye finjani, yakakaa pale. Uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Umekunywa," akasema. "Alhamdulillahi. Mwanangu, umeniheshimu. Umenirudishia ujana wangu."

Mjomba akanitazama. Angeweza kusema, kanywa huyu mpumbavu. Lakini angelisemaje hilo mbele ya mzee aliyekwisha kutokwa na machozi, na mimi nimekaa pale mdomo umelowa? Akaweka mkono juu ya goti langu, akalibana mpaka nikauma meno.

"Nimekunywa, Ami," akasema. Wakapeana mikono.

Njia nzima ya kurudi hakunitukana. Ningelipata afueni kama angelinitukana. Nyumbani mama alikuwa amepika pilau, na kabla ya kutupakulia akauliza, "Umeifungua?" Mjomba akanawa mikono muda mrefu. Akasema ataifungua ikifika kiwanjani kwetu, kule ana zana na fundi. Mama akamwambia, "Uliapa kabla ya kuruka." Akajibu, "Ni robo saa tu, da Zuwena. Naipasha injini moto vizuri, naivusha, naiweka bandani, naifungua." Mama alidhani ni uvivu. Mimi ndiye niliyejua. Kuifungua palepale, mbele ya macho ya mzee, baada ya kahawa kunywewa, kulikuwa kumzaba kofi. Kuibeba kwa lori kulitaka mabawa yavuliwe, na kuyavua ni kuifungua vilevile. Nililijua hilo na nikala pilau. Mama alikifunika chungu na kukiweka kifuniko sawa, na baadaye kidogo akakiweka sawa tena.

Ijumaa iliyofuata tukarudi Batina. Mjomba akaizunguka ndege na kioo chake, akatazama kila kinachoonekana bila bisibisi. Kila kinachoonekana kilikuwa kizima. Nikasema, "Mjomba, napanda."

"Hupandi."

"Kiti kipo."

"Ndege sijaifungua, simpakii mtoto wa dada yangu. Utarudi kwa gari na mtoto wa Ami."

"Na wewe je?"

"Mimi n'shakunywa," akasema, akatabasamu. Hiyo ndiyo mara pekee aliyoitaja.

Injini ikawaka vizuri, ikaimba vizuri. Akaipasha moto muda mrefu. Ami Seif alikuwa kasimama nami kivulini, ameegemea fimbo, uso ameuelekeza kwenye mlio. Akanipigia kelele sikioni, "Mjomba wako mwepesi wa kunywa! Siku ile nilikuwa natafuta maneno tu. Ningelimwambia, fungua, mwanangu, fungua mpaka viti. Baba yake alikuwa vilevile, hanunui mbuzi mpaka amtazame meno!" Akacheka peke yake, anatikisa kichwa.

Nikakimbia. Kandambili moja ilibaki nyuma. Nikasimama pembeni mwa njia, nikakunja mikono juu ya kichwa, msalaba: simama. Simama! Nikajishika kifua, nikanyanyua finjani isiyokuwepo, nikainywa, nikajionyesha kwa kidole: mimi, ni mimi niliyekunywa, mwambie, shuka. Alinitazama. Nyuma ya kioo cha ndege niliyaona meno yake. Akakunja mikono juu ya kichwa chake, akanyanyua finjani yake ya hewa, akanywa, akajionyesha kifua. Kisha akashika usukani, akanipita.

Ilinyanyuka vizuri. Juu ya ndimu ikakohoa, ikarudi, ikakohoa, ikanyamaza. Mwaka mzima alinambia, "Ikizima hujafika juu, nenda mbele. Usigeuke. Njia iliyo nyuma yako si yako tena." Mbele yake kulikuwa na mitende na ukuta wa shamba. Akageuka. Bawa moja likatazama chini. Sauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, kama mlango wa kabati. Vumbi likapanda nyuma ya mitende, na nyuma yangu mzee, ambaye macho yake hayakufika kule, akawa ananiuliza, "Imetua? Hilali, imetua?"

"Imetua, Ami," nikamwambia.

Siku za msiba nilimimina kahawa. Ndiyo kazi ya mtoto wa dada: dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, unaanza na aliyekaa kulia kabisa na huruki mtu. Wanaume walikuja kutoka Ruwi, kutoka Matrah, kutoka kazini kwake, wakakaa, wakatikisa finjani zao, nikazipokea. Fundi wa kiwanjani alikuja, mtu mpole wa Mombasa, akawa anawaeleza wenzake kwa sauti ya chini huku mimi namsimamia kichwani. Ni mpira wa petroli, nyuma ya kiti. Ulikuwa umeoza kwa joto, ukiushika unamomonyoka kama biskuti, na vipande vimejaa kwenye chujio. "Kung'oa kiti tu," akasema, "na mwanga wa tochi." Akatikisa finjani. Nikaipokea. Ami Seif aliletwa kila siku na mwanawe, akaketi karibu na mlango. Kila nilipommiminia aliipokea, akaiweka chini, hakuinywa. Hapana aliyemuuliza haja yake. Mimi pia sikumuuliza.

Siku ya mwisho ya matanga, baada ya laasiri, niliingia jikoni kujaza dele. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao, miguu ameinyoosha, iliki imemwagika kwenye kanga yake na hajaipukuta. Wanawake walikuwa ukumbini, tunazisikia sauti zao. Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, kahawa, finjani, kimya, mkono juu ya goti, na kwa mara ya kwanza maishani sikutia hata chembe ya chumvi. Aliniacha nimalize.

"Alijua kuwa ni wewe?"

"Alijua."

"Akasema kanywa yeye."

"Ndiyo, mama."

Akanyanyuka kwa kushika ukuta. Akasuuza finjani moja, akaifuta kwa ncha ya kanga, akamimina kahawa, akanipa kwa mkono wa kulia. Nikaipokea. Nikainama, nikaiweka chini kwenye marumaru, mbele ya miguu yake, nikasubiri. Aliitazama pale chini, muda mrefu, na mimi kimya kile nilikiacha kama kilivyo. Kisha mama akasema:

"Haja hiyo, mwenye kuipitisha hayupo. Kunywa, isije ikapoa."